Fukusi wa Maharagwe na Mayai Yake

Nchini Uganda maharagwe huvunwa mara mbili kwa mwaka, yapata Juni na Julai, na tena Desemba na Januari. Wakati huo bei hushuka, na familia za Kamwokya, zikiwemo za askari na polisi, huweza kununua gunia zima liwe akiba. Lakini mara nyingi adui amekwisha kuingia kabla gunia halijashonwa.

Fukusi wa maharagwe ni wa aina mbili, na asili yao ni Amerika, kama maharagwe yenyewe. Wa kwanza ni mkubwa kidogo. Jike lake huanza kutaga shambani, katika nyufa za maganda yanayokauka. Ghalani hutaga ovyo katikati ya punje. Buu aanguliwapo hutafuta punje, akajiegemeza kwa punje ya jirani apate kutoboa. Wa pili ni mdogo, yapata milimita mbili. Yeye hugandisha kila yai juu ya ngozi ya punje, likaonekana kama nukta nyeupe, na buu hutoboa papo hapo chini ya yai.

Tangu yai hadi mdudu mzima hupita wiki nne hadi sita hivi. Angojaye kuona tundu amechelewa, kwani tundu hilo ni mlango aliotokea mdudu mzima aliyekuwa akila ndani.

Dhidi ya fukusi wa kwanza, yafaa maharagwe yapepetwe, yatiwe katika chombo hadi nusu, na chombo kibingirishwe kila siku asubuhi na jioni. Buu hukosa egemeo, akafa kabla ya kuingia. Wa pili hashindwi kwa njia hiyo. Kwake yatumike mafuta ya kupikia, kijiko cha chai kwa kilo moja, yakichanganywa mpaka kila punje ing'ae. Mafuta huliziba yai lisipate hewa.

Iko pia njia iwawezayo wote wawili. Maharagwe yakaushwe vyema juani, yajazwe katika jerikeni safi na kavu mpaka mdomoni, kifuniko kikazwe, na isifunguliwe kwa wiki sita. Wadudu humaliza hewa iliyomo, wakafa. Hivyo familia ya chumba kimoja hupata kuhifadhi chakula chake bila kuweka sumu karibu na watoto.