Tusimlaumu fundi, umeme umeliwa na waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu umeme mdogo tunaojitengenezea vijijini.

Katika kitongoji chetu huku Mbinga, kijana mmoja alichukua mota ndogo ya umeme wa betri, akaifunga kwenye gurudumu linalozungushwa na maji ya kijito. Mota ya aina hiyo ikizungushwa huwa jenereta. Taa za kibandani kando ya kijito ziliwaka vizuri. Tukachanga fedha, tukanunua waya, akauvuta hadi nyumba za jirani, mita 50 hivi. Huko taa zilififia, na baadhi yetu tukaanza kusema tumetapeliwa.

Ndugu Mhariri, kijana hakumtapeli mtu. Hesabu ni hii: taa za wati 120 kwa volti 12 zinataka ampea 10. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi mita 100, una ukinzani wa omu 1.15 hivi. Kupitisha ampea 10 humo kunakula zaidi ya volti 11 kati ya zile 12. Taa zitapata nini? Lakini wati hizo hizo zikisafirishwa kwa volti 230, inapita nusu ampea tu, na waya haupotezi hata volti moja.

Kwa maoni yangu, betri ikae kibandani karibu na jenereta, pamoja na fyuzi. Iwekwe na diodi, la sivyo maji yakipungua betri itaizungusha jenereta kama mota, na chaji iishe bure. Kwa nyumba za mbali itumike inveta, kwani transfoma peke yake haipandishi umeme wa betri.

Hata hivyo, volti 12 hazirushi mtu, bali volti 230 huua. Kazi hiyo isifanywe kwa kubahatisha, wala waya usifungwe ovyo kwenye miti wanapocheza watoto.

Kwa hiyo naiomba Serikali iwatume walimu wa vyuo vya ufundi wawafuate vijana wa namna hii huko huko waliko, wawaongezee ujuzi. Nasi wanakijiji tuache kuwavunja moyo. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliomlaumu kijana yule, na hapa namwomba radhi.

Mwanakijiji,
Mbinga, Ruvuma.