Wa eksirei anapimwa, wa ndegeni je?

Hebu nenda hospitali yoyote kubwa ya Marekani, umtazame kifuani yule anayepiga eksirei. Utaona amebandika kidude kidogo kinachorekodi mionzi inayompata kazini. Sawa kabisa, ni haki yake. Sasa panda ndege pale New York, mtazame dada anayekugawia juisi. Hana kitu. Na kati ya hao wawili, anayepata mionzi zaidi kwa kawaida ni huyo wa juisi!

Sijatunga. Mwaka 2009 baraza la Marekani linaloshughulikia kinga ya mionzi, NCRP, lilitoa hesabu zake. Kwa wafanyakazi waliopata mionzi ya kuhesabika, wastani kwa mwaka ulikuwa hivi: wa ndegeni milisiviti 3.1, wa vinu vya umeme wa nyuklia 1.9, wa hospitali 0.8.

Wala si habari ya jana. Victor Hess alipanda na puto mwaka 1912, akapita mita 5,000, akakuta mionzi inazidi kadiri anavyopaa. Ndege za leo hukaa mita 10,000 na zaidi, ambako hewa ya kutukinga imebaki kidogo. (Sisi wa ikweta tuna nafuu, sumaku ya dunia inakinga zaidi huku kuliko kule karibu na ncha.)

Wapo wanaosema dozi yenyewe ni ndogo, na kupima ni ghali. Ndogo, sawa, hakuna aliyesema watu wanadondoka. Lakini ghali? Acheni utani jamani. Kweli, kidude cha hospitali hakifai ndegeni, maana sehemu kubwa ya dozi ya huko juu inatokana na nyutroni. Ila hata kidude hakihitajiki! Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ina programu iitwayo CARI, tena ya bure. Unaingiza tarehe, njia na kimo, inakupa dozi. Na rekodi za safari kampuni inazo tayari, si ndizo inazolipia mishahara?

Ulaya waliweka sheria mwaka 1996, ikaanza kazi 2000: anayeweza kuvuka milisiviti 1 kwa mwaka lazima mwajiri akadirie dozi yake na kuizingatia anapopanga ratiba. Lufthansa na Air France bado zinaruka.

Marekani FAA yenyewe ilikiri tangu 1994 kwamba hawa ni wafanyakazi wa mionzi. Ikashauri mtoto aliye tumboni asizidishe milisiviti 1 kwa mimba nzima, wala 0.5 kwa mwezi. Ikashauri! Sheria hakuna. Kwa hiyo mama mjamzito atue usiku, miguu imevimba, kisha akae hotelini kupiga hesabu za mwanawe mwenyewe.

Mnaikumbuka Concorde? Ilianza kubeba abiria 1976 ikiwa na kipima mionzi humo ndani, na taa nyekundu ikiwaka rubani alitakiwa kushusha ndege chini. Mwaka 1976!