*VIPANDE 12 VYA NYAMA, MIAKA 22 JELA: TAMKO LA TAWI KUHUSU VIBALI VYA UWINDAJI*

*Kwa wanachama wote wa Tawi, Tinde. Wenyeviti wa mashina, wasomeeni na wasio na simu.*



Julai 1 msimu wa uwindaji unafunguliwa. Wenye kampuni za vitalu wanaijua tarehe hiyo kama sisi tunavyoijua siku ya kuanza kununua pamba. Wageni wao wameshakata tiketi, leseni ziko tayari, na idadi ya wanyama wa kuwindwa imeandikwa kwenye karatasi. Sisi wa Tinde tunajua nini kuhusu siku hiyo? Tunajua kwamba anayekutwa na nyama kwenye kiroba anafungwa. Basi. Kamati ya Utendaji ya Tawi imekaa, imelijadili jambo hili, na tumeona tuseme wazi.

*Kwanza, tusidanganyane.* Ujangili ni kosa na Tawi halimtetei jangili. Anayetega waya porini anaua jike mwenye mimba na ndama wake pamoja. Anayemwaga sumu anaua mnyama, tai na mbwa wa jirani. Sheria imekataza sumu, mashimo, mitego, moto na kumulika kwa taa usiku, na imekataza kwa sababu nzuri. Babu zetu walikuwa na vyama vya wawindaji vyenye miiko mikali kuliko hiyo. Hatuandiki hapa kuomba ruhusa ya kufyeka pori.

*Pili, sikilizeni kisa cha Iringa.* Mwaka 2023 mama mmoja wa Iringa alihukumiwa kifungo cha miaka 22 kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala. Hakukutwa na pembe za ndovu wala bunduki. Alikutwa na nyama, ya kutosha ndoo moja. Nchi nzima ilishtuka, na baadaye Mahakama Kuu ikamwachia huru. Tunaishukuru Mahakama Kuu. Lakini jiulizeni, ni wangapi wamehukumiwa bila magazeti kuandika? Huku Kanda ya Ziwa, kwenye wilaya zinazopakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa, kifungo cha miaka 20 kwa nyama ya nyumbu au pundamilia si habari tena.

Inakuwaje nyama ya mboga ifike miaka 20? Hapa ndipo wengi wetu hatujui, na tunaomba msome taratibu. Nyama ile kisheria inaitwa *nyara ya Serikali*, jina lile lile linalotumika kwa meno ya tembo. Ukikamatwa, ofisa wa wanyamapori anaandika hati ya thamani. Thamani hiyo haipimwi kwa kilo kama buchani. Inapimwa kwa mnyama mzima, na kwa dola. Katika kesi nyingi swala pala mmoja amehesabiwa dola 390, nyumbu dola 650, tembo dola 15,000. Kwa hiyo ukibeba paja moja la nyumbu umehesabiwa nyumbu mzima, kwa bei iliyopangwa kwa dola, na kesi inafunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Mwendesha boda wa stendi ya Tinde aliyepewa elfu tano afikishe mzigo anasimama kizimbani akisomewa dola.

*Tatu, tuuone mlango wa halali.* Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, na Rais amewekwa kuwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hayo ni maneno mazuri. Sheria hiyo hiyo inatambua leseni ya mwananchi mkazi, si ya mtalii peke yake. Na mwaka 2020 Serikali ikatoa kanuni za mabucha ya nyamapori, ili anayetaka nyama hiyo ainunue kwa risiti kama anavyonunua ya ng'ombe.

Sasa tuulizane hapa hapa kwenye simu. Nani kati yetu ameona bei ya leseni ya mkazi imebandikwa kwenye ofisi ya kata? Nani anajua ni mnyama gani anaruhusiwa, wangapi, eneo lipi, kuanzia lini hadi lini? Nani amewahi kula nyamapori yenye risiti hapa Tinde, njia panda ambayo malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana? Mwanachama wetu mmoja mwenye bunduki ya halali aliuliza kwenye ofisi moja ya umma. Akaambiwa aende nyingine. Ya pili ikamwambia arudi ya kwanza. Nauli ikaisha, akanunua mbuzi.

Huo ndio ugomvi wetu, ndugu zangu. Mlango wa gereza uko wazi saa 24. Mlango wa kibali upo, lakini ufunguo haujulikani anao nani.

Mtalii hapati shida hiyo. Kwake kila kitu kimeandikwa. Simba asipigwe kama hajafikisha miaka 6. Tembo asipigwe kama pembe haijafika kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Vitalu tangu 2019 vinauzwa kwa mnada wa mtandaoni. Kanuni hizo tunaziunga mkono, kwa sababu zinalinda mnyama na zinaleta fedha za kigeni. Tunachosema ni kwamba uwazi anaopewa mgeni apewe na mwenye mali.

Angalieni pia Pori la Kigosi, hapo magharibi kwetu, upande wa Ushetu na Bukombe. Mwaka 2019 lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna kuwinda kabisa, hata kurina asali ni kosa. Wafuga nyuki wakalia, na baadaye likarudishwa kuwa Pori la Akiba. Miti ile ile, mizinga ile ile, lakini kilichokuwa halali kikawa kosa, kisha kikawa halali tena kwa kibali. Mabadiliko ya namna hiyo yanatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mrina asali halisomi Gazeti la Serikali. Anayajua mabadiliko siku anayokutana na askari.

*Nne, kuna wanaosema wananchi wakifunguliwa mlango wanyama wataisha.* Wapo wanaosema hivyo hata ndani ya Chama, na hoja yao si ya kubeza. Wanatuonyesha Shinyanga yenyewe: wako wapi wanyama? Waliisha, wanasema, kwa sababu Wasukuma mlikata miti na kuua kila kitu.

Tujibu kwa historia. Kibali cha kuwinda kilianza kudaiwa nchini mwaka 1896, kwa amri ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann. Waingereza walipokuja walimweka Charles Swynnerton kuwa mkuu wa idara ya wanyamapori, na ni yeye huyo aliyekuja hapa Shinyanga kuongoza vita dhidi ya mbung'o. Wazee wetu walitolewa kwa maelfu kufyeka vichaka. Kisha katika miaka ya 1940 watafiti wa serikali ya kikoloni waliwapiga risasi wanyama wa Shinyanga kwa maelfu, kwa makusudi, ili waone kama mbung'o akikosa damu atakufa. Matokeo waliyaandika na kuyachapisha. Kwa hiyo anayesema mkulima peke yake ndiye aliyemaliza wanyama wa Shinyanga hajui ofisi ya nani ilitoa risasi.

Na nani alirudisha pori? Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 ulitukuta na ardhi kavu. Uliofanya kazi ni mfumo wetu wenyewe wa *ngitili*: familia na vijiji kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Miti ikarudi, nyasi zikarudi, sungura na kanga wakarudi. Fisi naye akarudi, na mbuzi wetu wanajua. Aliyelinda ngitili hakulipwa mshahara. Alilinda kwa sababu ni yake. Hili ndilo jibu letu: mtu halindi kwa moyo kitu anachokijua kwa njia ya pingu tu. Ni sisi tulioanzisha sungusungu miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipotuzidi. Watu walioweza hilo hawashindwi kulinda digidigi.

*Tano, nguvu peke yake ilishajaribiwa.* Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza. Ilikamata majangili, lakini pia ilipiga, ikatesa na kuua ng'ombe wa watu wasiohusika. Kamati ya Bunge iliyochunguza iliongozwa na mbunge wa Kahama wa wakati huo, James Lembeli. Taarifa yake iliposomwa bungeni Desemba 20, 2013, mawaziri 4 waliondoka madarakani. Somo hilo lilitoka mkoani kwetu. Tusikubali lisahaulike.

*KWA HIYO TAWI LINADAI:*

1. Ofisi ya kata ibandike kwa Kiswahili bei ya leseni ya mkazi, orodha ya wanyama na ndege wanaoruhusiwa, maeneo, na tarehe za kufungua na kufunga msimu. Ibandikwe kabla ya Julai 1, si baada ya mtu kukamatwa.

2. Mgawo wa wanyama kwa wawindaji wakazi utangazwe hadharani kila mwaka, pamoja na majina ya waliopewa.

3. Halmashauri isaidie wachinjaji wetu kupata kibali cha bucha ya nyamapori, nyama ipimwe na daktari wa mifugo na iuzwe kwa risiti. Mnunuzi akiwa na pa kununua kihalali, jangili anakosa soko.

4. Wabunge wetu wapeleke hoja sheria itenganishe nyama ya chungu na biashara ya pembe. Nyama ithaminiwe kwa kilo iliyokutwa, na hakimu apewe nafasi ya kutoa adhabu inayolingana na kosa. Adhabu ya pembe za ndovu ibaki kali kama ilivyo.

5. Kijiji kinachotunza ngitili kipewe sauti kisheria juu ya wanyama wadogo na ndege waliorudi humo.

Madai haya tutayapeleka kwa maandishi kwa diwani na kwa mbunge. Mwanachama anayetaka kuweka saini aje na namba ya kadi yake.

*NA KWAKO, NDUGU MWANACHAMA:*

Sheria haijabadilika. Mpaka itakapobadilika, usinunue nyama isiyo na karatasi, hata ikiletwa kwa bei ya bure. Mama lishe, usikubali kupika usichokijua. Kijana wa boda, uliza kilichomo kwenye kiroba kabla hujawasha pikipiki, na kama hawakuonyeshi, kiache hapo hapo. Usitege waya. Ukiona mtego porini, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Hatuwezi kudai mlango wa halali huku mikono yetu inanuka.

Tukipata kijana mmoja tu wa Tinde aliyeepuka miaka 20 kwa kuusoma ujumbe huu, Tawi limefanya kazi. Tukipata na karatasi moja ya bei ukutani pa ofisi ya kata, tutakuwa tumeanza.

Mkutano wa Tawi utajadili madai haya moja moja kabla hayajatumwa. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, atasikilizwa.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, Tinde.*
*Tuma kwenye makundi ya mashina yote. Usipunguze wala kuongeza neno.*