FEDHA ZA SANAA NA HESABU ZAKE

Serikali inapotia fedha za umma katika sanaa, mwananchi ana haki ya kujua zimekwenda kwa nani na zimefanya kazi gani. Swali hilo lafaa kuulizwa sasa, kwa kuwa katika miaka ya karibuni Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umehuishwa, nao unatoa mikopo kwa wasanii kupitia mabenki.

Nchi yetu imewahi kuwa na mfuko wa namna nyingine. Mwaka 1998 ulianzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania kwa ushirikiano wa Serikali yetu na ile ya Sweden. Ule ulikuwa wa ruzuku: kikundi kilipewa fedha kwa kazi iliyotajwa, kisha kikatakiwa kueleza zilivyotumika. Udhaifu wake ni kwamba ulitegemea mkono wa mgeni, na mkono huo ulipoondolewa, mfuko ukazorota. Visiwani nako, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002 na kinachofundisha taarabu, kilifika ukingoni mwa kufungwa mwaka 2019 baada ya misaada ya wafadhili kupungua. Kwa hiyo, Serikali kutoa fedha zake yenyewe ni hatua inayostahili kupongezwa.

Lakini mkopo si ruzuku. Mkopo wenye riba nafuu unamfaa mtengenezaji wa filamu au mwanamuziki mwenye studio, maana bidhaa yake yauzika. Kikundi cha ngoma cha kijijini kitaulipa kwa mapato gani? Hicho hakiuzi tiketi. Hucheza harusini, jandoni na katika sikukuu za taifa, na mara nyingi ujira wake ni nauli na chakula. Benki ikidai dhamana, wazee wale wataweka nini, manyanga?

Tena kuna suala la ukaguzi, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Benki hukagua marejesho. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya tamthilia ukaishia kwenye duka la vinywaji, mradi umelipwa kwa wakati, katika vitabu vya benki ni mkopo uliofanikiwa. Tamthilia haikuchezwa, na hakuna safu ya hesabu inayoonyesha hivyo. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu uwezo wa kukagua ufanisi, si stakabadhi peke yake. Uwezo huo hauna budi kutumika hapa.

Wako watakaohofu kwamba ukaguzi utageuka kuwa kumchagulia msanii la kuimba. Hofu hiyo si ya bure. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984, tayari lina mamlaka juu ya usajili na maadili. Si busara kalamu inayofungia wimbo iwe ndiyo inayotia sahihi hundi. Mkaguzi aulize kama onyesho lilifanyika, wapi, na mbele ya nani. Onyesho lilisema nini, hilo si kazi yake.

Uingereza, ambako Baraza la Sanaa lilianzishwa 1946, hawakosi ugomvi. Novemba 2022 baraza hilo liliiondoa English National Opera katika orodha ya wanaopata ruzuku ya kudumu. Kikundi hicho kilikuwa kikipokea paundi milioni 12.6 kwa mwaka, kikaahidiwa milioni 17 kwa miaka mitatu kwa sharti la kuhama London. Makelele yalikuwa makubwa. Hata hivyo, kila aliyepiga kelele alikuwa na tarakimu mkononi, kwa sababu orodha yote ilitangazwa, jina kwa jina na fungu kwa fungu, na baraza likalazimika kujieleza.

Jumla ya mikopo inayotajwa jukwaani haitoshi kwa kazi hiyo. Wizara na itangaze kila mwaka orodha kamili ya waliopewa, kiasi, mkoa na kazi iliyoahidiwa, na itenge fungu la ruzuku, hata liwe dogo, kwa vikundi ambavyo benki haitavifungulia mlango. Bunge la bajeti ndipo mahali pa kuanzia.