Umepata Kazi, Bao Ulicheze Saa Ngapi?



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Tanga alinijia baada ya swala ya Alasiri. Mwanawe alikaa nyumbani miaka mitatu bila kazi. Juzi juzi Mwenyezi Mungu kamfungulia, kaajiriwa ghalani, anaingia saa moja asubuhi. Hata mwezi haujaisha, msimamizi kamkuta mara mbili kalala juu ya magunia, na kaambiwa ya tatu asirudi. Kisa ni bao. Kijana akitoka kazini anaoga, anakula, anakwenda barazani, anarudi saa saba usiku. Mama akaniomba: "Sheikh, muambie bao ni haramu. Labda wewe atakusikia."

Nikamwambia, mama yangu, hilo siwezi.

Siwezi kwa sababu si kweli. Sisi huku pwani ni Mashafii. Shatranji kwa Imam Shafii ni makruhu, haifiki kuwa haramu, maadamu hakuna kamari ndani yake, haipitishi wakati wa swala na hailetei watu matusi. Wanazuoni wa madhehebu wakapambanua: mchezo unaoendeshwa na dadu, kama nardi, umekatazwa katika hadithi, mchezo wa hesabu na fikra unakwenda na hukumu ya shatranji. Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa ameutaja kwa jina mchezo wa manqala, wa vishimo na vijiwe vinavyohamishwa kwa hesabu. Kama hilo si bao, basi ni ndugu yake wa tumbo moja.

Kwa hiyo wenzangu mnaopanda mimbari mkasema bao ni haramu, nukta, tunawadai dalili. Na najua kwa nini mnasema hivyo. Ni rahisi. Ukishasema haramu umemaliza, huna haja ya kukaa na kijana ukajua analala saa ngapi. Mimi nimewaona vijana waliofukuzwa barazani kwa fatwa za namna hiyo. Hawakwenda msikitini. Wamejifungia chumbani na simu, wanaweka mikeka ya mpira usiku kucha, na hiyo ndiyo kamari yenyewe iliyoharamishwa katika Suratul Maida bila hitilafu ya mtu. Umemtoa kwenye makruhu ukamsukumia kwenye haramu, kisha ukaenda zako kulala.

Lakini wewe kijana usianze kufurahi. Najua kesho utamwambia mama yako, "Sheikh kasema si haramu." Nilichokizungumzia ni bao. Usingizi wako juu ya magunia ni kesi nyingine.

Mwajiri hakununua kiwiliwili chako kikae ghalani. Amenunua macho yaliyo wazi na kichwa kinachohesabu mzigo bila kukosea. Suratul Mutaffifin tunaisoma tukidhani inamhusu mwenye duka na mizani yake tu: wale ambao wakipokea wanataka kipimo kijae, na wakiwapimia watu wanapunja. Sasa jitazame. Mwisho wa mwezi mshahara ukipungua shilingi elfu tano, unafika kwa mhasibu kabla hajafungua dirisha. Na wewe umempa nusu ya siku, nusu umelala. Ile nusu ya pili ya mshahara ni ya nani? Ule unga uliompelekea mama yako, ukajiona mtoto mwema, sehemu yake umeipataje? Hili ndilo lililomtia mama hofu kuliko kufukuzwa kwako. Aliniambia mwenyewe, hataki kula cha kudhulumu.

Kinachonishangaza ni kwamba mchezaji bao ni mtu wa hesabu. Kete 64, mashimo 32, una kete 22 mkononi wakati wa kunamua, na kabla hujaweka moja umeshajua ya mwisho itaangukia wapi. Mtu huyu huyu anashindwa kuhesabu saa 24!

Haya, tuhesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Zinabaki 123. Lala saa saba kila usiku, ni 49. Zinabaki 74. Toa njia, chakula, swala, darsa, mama yako, na mke kama unaye. Bao bado lina nafasi yake. Muda upo, wewe unautumia wote mahali pamoja. Na sheria hiyo hiyo, mwenye chini ya miezi sita kazini haimpi kinga ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo hapo ulipo huna pa kwenda kulalamika.

Mtume (s.a.w.) alikuwa hapendi kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Aliyetupokelea haya ni sahaba Abu Barza al-Aslami, na msinicheke, jina lake ndilo hilo. Wanazuoni wakatoa nje mazungumzo yenye heri, kama elimu, mgeni na watu wa nyumbani. Na Salman alipomkuta Abu Dardaa anataka kusimama usiku mzima akiswali, alimlaza, akamwambia Mola wako ana haki, nafsi yako ina haki, na mkeo ana haki. Mtume akasema Salman kasema kweli. Aliyezuiwa pale alikuwa katika swala. Wewe uko kwenye mtaji.

Na lile la "atakayefungwa anunue soda" mliache leo. Dau likitoka kwa wote wawili ni kamari, hata likiwa kikombe cha kahawa.

Mimi mwenyewe bao nalijua. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu nilikuwa naadhini Alfajiri msikiti wa mtaani. Usiku mmoja tulishikana mpaka saa nane, hakuna anayetaka kuondoka kafungwa. Niliamshwa na jua. Wazee walikuja, wakakuta mlango umefungwa na funguo ziko mfukoni mwangu, wakaswali nje kwenye umande. Hakuna aliyenifokea. Mzee mmoja alinyoosha mkono tu, nikampa funguo, na sikurudishiwa mwaka mzima.

Kijana nilimwita jana. Sikumwambia aache bao, wala aachane na wenzake, maana barazani ndiko alikosikia habari ya kazi hiyo. Tumekubaliana siku za kazi ni mchezo mmoja baada ya Isha, saa nne kamili anainuka hata kama mtaji wake ni mzuri. Mkesha wa siku ya mapumziko akae zaidi, Alfajiri isimpite. Na zile siku mbili alizolala, aende kwa msimamizi akaombe kuzifidia. Hili la mwisho lilimtoa jasho. Amesema ataenda Jumatatu.

Alhamisi baada ya Isha nitakuwepo barazani inshaallah. Nitacheza naye mmoja. Saa nne naondoka, na yeye anaondoka.

Wabillahi tawfiq.