Injini Haikusema Ishushwe

Vijana wenzangu mnaoandika, nami ni mwenzenu, nina riwaya isiyokwisha chini ya godoro. Katika hadithi zetu gari "linaharibika" tu, kisha mapenzi yanaendelea. Leo mapenzi yasubiri. Nina ugomvi na mafundi wanaofungua injini kabla ya kuisikiliza, na sisi tunaowalipa.

Mjomba wangu ana pikapu ya Peugeot 504 ya dizeli, injini ya sisi 2304, kongwe kuliko mimi. Anabebea mboga. Mwaka jana nozeli moja ilikufa: moshi mweusi, mlimani nguvu hamna. Ikafungwa nyingine kuukuu, iliyong'olewa kwenye gari bovu. Siku ileile kelele ikaanza, ko-ko-ko-ko, kama nyundo juu ya chuma. Fundi akasikiliza kwa muda wa kuwasha sigara, akatamka: "Mzee, beringi za konrodi zimekwisha. Tushushe injini."

Nikauliza, mbona beringi zife siku ileile iliyofungwa nozeli?

"Dogo, kasome vitabu vyako."

Haya, nimesoma. Mafuta ya dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Kazi ya nozeli ni kuyapuliza kama ukungu, kwa wakati wake. Nozeli inayovuja huyadondosha hovyo, yakalipuka kwa kishindo, na sikio likadhani ni chuma kinagonga chuma. Ndiyo maana nozeli mbovu na beringi iliyokufa hufanana sauti. (Valvu ni rahisi zaidi: huita tik-tik nyepesi, kwa nusu ya mwendo wa injini, maana kemshafti huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili.)

Basi unafanyaje? Injini ikinguruma polepole, unalegeza kidogo nati ya bomba la nozeli, silinda moja baada ya nyingine, kitambaa juu yake, mkono mbali, kwa sababu dizeli yenye presha hutoboa ngozi. Ukifika kwenye silinda yenye kosa, kelele hupungua. Lakini usishangilie! Hata beringi ya konrodi hunyamaza hapo, kwani pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Zima gari. Badilishana nozeli hiyo na ya jirani yake, weka washa mpya za shaba, uwashe, ulegeze tena. Kelele ikihama na nozeli, mwizi ni nozeli. Ikibaki palepale, hapo sasa sina ubishi, shusha injini.

Wapo watakaosema fundi wetu ni maskini, hana vifaa. Vifaa gani? Spana alikuwa nayo mkononi, ndiyo aliyoishushia injini! Ukweli ni kwamba kushusha kunalipwa na kusikiliza hakulipwi. Na hapo sisi wateja tusijitoe. Fundi akikaa nusu saa ameinamisha kichwa juu ya injini, tunasema anatupotezea muda. Akiilaza chini vipande vipande, mikono myeusi hadi viwikoni, tunasema huyu ndiye mchapakazi.

Mjomba alilipa. Ilikuwa ada ya chuo ya binti yake, na binti akakaa nyumbani muhula mzima akimenya vitunguu vya watu. Beringi zilipotolewa ziling'aa zote nne. Zikarudishwa, injini ikapandishwa, ikawashwa: ko-ko-ko-ko. Fundi akasema itazoea.

Mzee mmoja anayetengeneza malori ndiye aliyehamisha nozeli ya silinda ya tatu kwenda ya pili. Kelele ikahama nayo. Hakusema neno, akafuta mikono, akatuma mtoto dukani kuleta nozeli mpya.

Mjomba akarudi kwa yule wa kwanza kudai japo nusu ya hela yake. Akajibiwa kwa heshima zote, hata kiti alipewa: "Mzee wangu, hujapoteza kitu. Sasa si una uhakika beringi zako ni nzima?"