Bosi apoe, wananchi wasubiri?

Nimekuwa kimya siku kadhaa kwa sababu nilikuwa Mishamo, mkoani Katavi, kwa kazi za gazeti. Nimerudi na hasira, na nimeona bora niitoe hapa kabla haijapoa.

Niliingia katika ofisi moja ya umma. Sitaitaja, maana ugonjwa huu si wake peke yake. Saa nne asubuhi umeme ukakatika. Likawashwa jenereta, lile dogo la petroli la kubebwa na watu wawili. Sisi tuliokuwa barazani tukashukuru Mungu. Kumbe tumeshukuru mapema! Kiyoyozi cha chumba cha bosi kikaanza kunguruma nyuma ya jengo, lakini kompyuta na printa za masjala zikabaki kimya. Bibi mmoja, aliyetoka kijijini kwake alfajiri kufuata karatasi yake, akasogea dirishani. Karani, kijana wa rika langu, akamjibu kwa adabu kabisa:

"Samahani bibi, tusubiri umeme urudi. Jenereta halibebi vyote viwili."

Vyote viwili! Maana yake kuna mtu alikaa, akapima, akachagua.

Karani hakudanganya. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho ndicho cha kawaida maofisini, hula wati kama 1,000 kikishatulia. Shughuli iko pale kinapoanza. Kompresa ya kawaida huvuta umeme mara kadhaa ya huo kwa muda mfupi sana. Jenereta dogo linakoroma, taa zinafifia, likizidiwa linazima. Ndiyo maana vingine vyote vinazimwa kwanza ili kiyoyozi kiwake.

Hesabu hii Wamarekani wanaozunguka nchi yao na magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, wanaijua vizuri. Sehemu nyingi wanapoegesha wanapata umeme wa ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 basi. Ukiwasha viyoyozi viwili na maikrowevu kwa pamoja, swichi inajikata. Kwa hiyo wamejifunza kupeana zamu: zima hiki, washa kile. Wengine wanafunga kifaa cha kupunguza kishindo cha kompresa inapoanza, wengine wananunua kiyoyozi cha inveta kinachoanza taratibu. Na wenye akili wanaegesha kivulini.

Lakini angalieni tofauti. Mwenye gari-nyumba akikosea hesabu, anayelala na joto ni yeye mwenyewe. Kwetu anayepanga hesabu yuko ndani kwenye baridi, na anayelipa kosa yuko barazani.

Na barazani kwa nani? Mishamo! Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Watu wakafyeka pori, wakalima, wakazaa na kuzika hapo. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu walikubaliwa uraia wa Tanzania, lakini vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mtu aliyesubiri karatasi miaka hiyo yote, leo tunamwambia asubiri tena ili chumba kimoja kipoe?

Najua nitajibiwa kwamba bosi naye ni binadamu, na joto la Katavi kabla ya mvua si la mchezo. Kweli kabisa, nililionja. Ila jengo lile lina bati lisilo na dari, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na uwanja mzima hauna mti hata mmoja. Mchana wake nilikaribishwa kwenye nyumba ya tofali iliyoezekwa kwa nyasi, chini ya mwembe, na sikuhitaji kupepewa. Tumejenga oveni, halafu tunachoma petroli ya wananchi kuipoza!

Mwingine ataniambia sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hivyo niache kulia. Sawa. Ila siku umeme ukikatika, megawati za Rufiji hazimsaidii bibi wa Mishamo. Kinachomsaidia ni nani anafikiriwa kwanza jenereta likiwaka.

Pendekezo langu halihitaji semina wala posho. Bandikeni orodha ukutani karibu na jenereta: kwanza kompyuta na printa za wananchi, pili taa, tatu feni. Feni ya wati 60 inamtosha bosi, na umeme wa kiyoyozi kimoja unaendesha feni kama 16, hata sisi wa barazani tungepata upepo. Ikibaki nguvu, ndipo kiyoyozi. Isipobaki, bosi afungue dirisha. Na mvua zikianza, apande miti.

Umeme ulirudi saa tisa alasiri. Bibi alikuwa ameshaondoka, maana njia ni ndefu na giza halimsubiri mtu. Karatasi yake haikuchapwa. Kiyoyozi hakikuzimwa hata dakika moja.

Kama huko uliko ofisi yenu inafanya hivyohivyo, muulize bosi wako swali moja tu: jenereta hili ni la nani?

Nawasilisha.